Plastiki inayonepa: kwa nini meno ya mbele hayafiki pale picha ilipoahidi

Kila baada ya wiki mbili, Jumapili baada ya chakula cha usiku, mpwa wangu hufungua kipakiti kidogo, hutoa kipande cha plastiki angavu chenye umbo la meno, kifaa chake cha kunyooshea meno, hukisukuma mdomoni kwa vidole gumba viwili, kisha hukunja uso. Safari hii ilikuwa namba tisa. "Mjomba, hii haiingii," akaniambia, maneno yakitoka kama ya mtu aliyeng'ata kitambaa. Nikamjibu kwamba kama ingeingia bila shida, isingekuwa na kazi yoyote mdomoni mwake.

Hakuridhika, na alikuwa na haki. Ukimwambia mtu kwamba kifaa alichonunuliwa kimetengenezwa makusudi kisimtoshe, unadaiwa maelezo, na pia unadaiwa kusema kwa nini meno ya mbele mara nyingi hayafiki pale picha ya kompyuta ya kliniki ilipoahidi. Mimi nafundisha fizikia katika shule moja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sikusomea meno. Lakini kinachotokea ndani ya plastiki ile ni fizikia tupu, na ni fizikia tamu kuliko mfano wa gari linaloshuka mlima ambao nimeuandika ubaoni miaka nenda miaka rudi. Nimemwonyesha binti kwa kikombe, kwa kamba ya nguo na kwa mayai. Hapa nimeyapanga vizuri kidogo kuliko nilivyoyamwaga mezani.

Kwanza jina. Madaktari wetu wamesomea Kifaransa, kwa hiyo hapa kifaa hiki kinaitwa gutiere, neno lilelile la mfereji wa bati unaopokea maji ya mvua kwenye ukingo wa paa. Waliosomea Kiingereza husema alaina. Nabaki na gutiere kwa sababu jina limebeba picha iliyo sahihi: ni mfereji mwembamba uliopinda kama upinde, na meno yamejipanga ndani yake.

Namna ya kuitengeneza si siri. Umbo la meno linachukuliwa kwa kamera ya mdomoni, au kwa ule ujiuji unaoganda ukiwa umeng'atwa. Kompyuta inachora safari ya kila jino kutoka lilipo hadi linapotakiwa, kisha inaikata safari hiyo vipande vidogovidogo. Kwa kila kipande inachapishwa sanamu ya meno. Juu ya sanamu inalazwa karatasi ya plastiki, mara nyingi yenye unene wa milimita 0.75, inapashwa moto hadi ilegee, inavutwa au kusukumwa kwa hewa ishike umbo, inapoa, inakatwa kingo. Plastiki yenyewe ama ni PETG, ndugu wa plastiki ya chupa za maji, ama ni poliurethani, ama ni tabaka za aina mbili tatu zilizounganishwa. Wazo la kusukuma meno kwa kifuniko kinachovaliwa lilikuwapo Marekani tangu 1945, enzi hizo kikiwa cha mpira, kazi ya daktari aliyeitwa Kesling. Kulitia kompyuta ndani kulikuja mwaka 1997, pale Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokuwa wanafunzi wa biashara katika chuo kikuu cha Stanford, walipoanzisha kampuni iliyoleta Invisalign, aina ya gutiere inayojulikana sana. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa meno. Kwa mwalimu wa fizikia anayejiingiza katika mambo ya wenyewe, hiyo ni faraja ndogo.

Sasa turudi kwenye namba tisa. Haina umbo la meno ya mpwa wangu yalivyo leo. Ina umbo la meno yake yatakavyokuwa wiki mbili zijazo, mambo yakienda sawa. Tofauti kati ya leo na siku hiyo ni ndogo: kwa kawaida kila gutiere hupangiwa kulisogeza jino milimita 0.25 tu au pungufu. Hizo ni karatasi tatu za daftari zikilaliana. Lakini robo hiyo ya milimita lazima mtu ailipe. Plastiki inataka jino liwe hapa, jino liko pale, na vyote viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Nani atakubali kupinda?

Jino halitapinda. Enameli, lile gamba la nje la jino, ni ngumu kiasi kwamba ukailinganisha na PETG, ugumu wake wa kukataa kunyumbuka ni kama mara 40. Watakaolipa ni wawili: plastiki yenyewe, na ile kano nyembamba inayolining'iniza jino ndani ya mfupa. Wengi wetu tunadhani jino limepigwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Sivyo. Mzizi umezungukwa na utando wa nyuzi na majimaji, wenye unene wa karibu milimita 0.2, na jino linaelea humo kwa kiasi. Tazama namba hizo mbili: hatua ya gutiere ni milimita 0.25, nafasi ya kano ni 0.2. Ndiyo maana wanaopanga hatua hizi hawaongezi kiholela. Ukizidisha, upande mmoja wa kano unabanwa kabisa, damu haipiti, na mfupa unaotakiwa kuyeyuka taratibu mbele ya mzizi unakwama. Jino husogea kwa sababu seli hula mfupa upande unaobanwa na kujenga upande unaovutwa, na seli hazifanyi kazi bila damu.

Kiswahili kimejaliwa maneno kwa habari hizi. Kitu hupinda, hubonyea, hubenuka, hutanuka. Ninalolitaka mimi ni kunepa. Tawi la mpera lenye mtoto juu yake linanepa: linashuka kwa uzito, na mtoto akiruka linarudi. Nguvu yote ya gutiere iko katika huko kunepa. Ukiivaa, inanepa ili imeze meno yasiyolingana nayo, na kwa kuwa inataka kurudi katika umbo lake, inasukuma. Gutiere ya chuma isingeingia mdomoni hata kidogo. Gutiere laini kama ngozi ya nyanya ingeingia vizuri na isifanye chochote. Plastiki iko katikati, na katikati hapo ndipo kazi inapofanyika.

Shida ni kwamba plastiki haijui ni wapi tunataka inepe. Mpangaji kwenye kompyuta anataka jino moja lisukumwe, mengine yatulie. Plastiki inagawa deni kwa wote. Inapinda kidogo kwenye jino lile, kidogo kwenye majirani zake, kidogo kwenye ukingo, na inajitafutia njia ya kulipa kidogo iwezekanavyo. Maji ya mvua ya Kadutu, mtaa wa mlimani hapa Bukavu, yakishuka kuelekea ziwani hayaulizi barabara ilichorwa wapi.

Na haina unene mmoja. Karatasi ile ya milimita 0.75 ilivutwa juu ya sanamu ikiwa laini, na ilipovutwa sana imekuwa nyembamba, kama chapati iliyokandwa kwa haraka: katikati unga, kando unaona mwanga. Kuta za pembeni na ukingo wa karibu na ufizi ndizo zinazoumia zaidi, na sehemu nyingine unene unaweza kushuka hadi karibu nusu. Hapa kuna kanuni ambayo wanafunzi wangu huichukia hadi waone maana yake: ukanda bapa ukipindwa, ukaidi wake, yaani kukataa kwake kupinda, hufuata unene mara unene mara unene. Toa theluthi moja ya unene, kutoka 0.75 hadi 0.5, na ukaidi haupungui kwa theluthi. Unabaki chini ya theluthi. Kwa hiyo sehemu ya gutiere iliyo karibu na ufizi ni dhaifu kuliko jicho linavyodhani. Shika jambo hilo, maana tutalihitaji tukifika kwenye mzizi.

Halafu kuna muda. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, ukiifunga leo ikakaza kama waya, wiki ijayo imelegea na hakuna aliyeigusa. Nyuzi zake zimejipanga upya kimyakimya. Plastiki ya gutiere inafanya hivyo hivyo, tena mdomoni ambamo kuna joto la nyuzi 37 na mate ambayo inayanyonya kidogokidogo. Ikipimwa maabara, sehemu kubwa ya nguvu inayopotea hupotea ndani ya saa 24 za kwanza. Siku ya kwanza binti analalamika, siku ya tatu amesahau kwamba ameivaa. Si kwamba amezoea tu. Kweli nguvu inayomsukuma imepungua. Hiyo si hasara yote. Gutiere ikiwa mpya, nguvu yake mara nyingi ni mara kadhaa ya ile jino linayohitaji, na kulegea huko kunaishusha mahali pa heri. Kinachodhuru ni kulegea kusiko na mpango.

Kusiko na mpango nakujua, kwa sababu nilikuwa shahidi. Gutiere namba sita ililetwa sebuleni kwenye kisahani, imenuka, na mama yangu, ambaye ni bibi wa binti, aliamua kuiua vijidudu kwa maji ya termosi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na PETG huanza kulegea kabisa karibu nyuzi 80. Haikuyeyuka. Kwa macho ilikuwa ileile. Lakini ilipovaliwa ilikuwa imejikunja ukingoni, ikawa inaning'inia juu ya chonge moja. Plastiki iliyovutwa ikiwa na moto inakumbuka ilikotoka. Ilikuwa karatasi bapa, na ukiipasha tena inaanza safari ya kurudi kuwa karatasi bapa. "Nilitaka kusaidia," bibi akasema, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Chai ya moto ikinywewa gutiere ikiwa mdomoni hufanya dhambi hiyohiyo kwa kipimo kidogo kila siku.

Sasa tufike kwenye meno ya mbele, kiini cha ugomvi wote.

Mvua za Bukavu zinaanza Septemba, hazituachi hadi Mei, na udongo wetu mwekundu ukishiba maji hausimamishi kitu. Uani kwetu kuna nguzo mbili za kuanikia nguo. Isukume moja kwa juu baada ya mvua. Haitahama ikiwa wima. Kichwa kitaenda mbele, na mguu wake chini ya ardhi utarudi nyuma kidogo. Mahali fulani chini ya udongo kuna sehemu ambayo haijaenda popote, ndipo nguzo ilipogeukia. Jino la mbele lina mzizi mmoja, na ni nguzo ya namna hiyo. Kitovu chake cha ukinzani, yaani ile sehemu ambayo ukiisukuma moja kwa moja jino lote litahama bila kuinama, kiko ndani ya mfupa, kama theluthi moja hadi nusu ya urefu wa mzizi ukihesabu kutoka ukingo wa mfupa. Hakuna mkono unaofika huko. Tunaloweza kulishika ni taji tu, yaani sehemu ya jino inayoonekana, na ukilisukuma taji, jino linainama.

Kuinama si kubaya kila mara. Kama jino limechomoza mbele kama paa la kibaraza, kulirudisha kwa kuliinamisha ndiko kunakotakiwa. Tatizo linakuja pale tunapotaka mzizi nao uhame. Hapo inabidi kufanya anachofanya mtu anayetaka kuhamisha nguzo ikiwa wima: mkono mmoja unasukuma, mwingine unashikilia kichwa kisitangulie. Mikono miwili inayopingana, moja juu na moja chini, inazaa mzunguko unaofuta ule mwinamo. Wenye fani hii wanahesabu kwamba ili jino la mbele lihame wima, mzunguko huo, ukipimwa kwa gramu na milimita, uwe karibu mara nane hadi kumi ya nguvu inayosukuma. Ukipungua, jino linainama. Ukizidi, mzizi unatangulia.

Gutiere ina mikono hiyo miwili, angalau kwenye karatasi. Tuseme tunataka kurudisha meno ya juu ya mbele kuelekea ndani ya mdomo. Mkono mmoja ni ukingo wa gutiere ulio karibu na ufizi upande wa mdomo wa nje, unaosukuma kuelekea ndani. Mkono wa pili uko kwenye ncha ya jino upande wa ulimi, unazuia ncha isiingie mno. Vizuri. Sasa chukua kikombe cha plastiki cha kawaida, vile vinavyouzwa kwa dazeni sokoni. Bonyeza ubavu wake karibu na kitako: kinagoma. Bonyeza karibu na mdomo: kinabonyea kama kitambaa. Kitako kimefungwa pande zote, mdomo uko wazi, hauna wa kuushika. Gutiere ni kikombe kilichogeuzwa juu ya kila jino. Kitako ni pale penye ncha ya jino, na mdomo wa kikombe ndio ukingo wa ufizini. Tena ule ukingo, tumeona, ndio uliokuwa mwembamba zaidi baada ya kuvutwa.

Kwa hiyo ule mkono tunaouhitaji sana, wa karibu na ufizi, ndio mkono mlegevu. Ukiukabidhi kazi unatanuka kuelekea nje, unaliacha jino. Kinachobaki ni msukumo wa karibu na ncha, ambako plastiki ina nguvu, na msukumo wa karibu na ncha ni kuinamisha. Mpango ulisema jino lihame wima. Plastiki ikanepa mahali pasipotarajiwa, jino likainama. Hakuna aliyekosea hesabu. Hesabu ilifanywa kana kwamba ukingo ni imara kama kitako.

Kuna jambo la pili linaloudhi zaidi, kwa kuwa linaonekana kwenye kioo. Uso wa jino la mbele umeteremka kama bega. Plastiki ikiusukuma uso ulioteremka, sehemu ya nguvu inageuka kuwa mteremko, na gutiere inateleza kutoka kwenye jino badala ya kulisukuma. Unaona ufa mwembamba wa mwanga kati ya ncha ya jino na kitako cha plastiki. Madaktari wanautafuta ufa huo kila ziara, maana unawaambia kwamba jino limebaki nyuma ya ratiba. Gutiere inayofuata imetengenezwa kwa jino ambalo lingekuwa limeshafika. Halijafika. Deni linapanda juu ya deni.

Mambo haya yote yanakuwa makubwa pale meno yanapong'olewa ili kupata nafasi. Mtu mwenye midomo iliyosukumwa mbele na meno yaliyobanana anaweza kuambiwa ang'olewe gego dogo moja kila upande, juu na chini. Nafasi inayobaki kila upande ni kama milimita saba, na sasa meno sita ya mbele yanatakiwa kurudi kuiziba. Rudi uani. Zile nguzo mbili zimeunganishwa na kamba vichwani. Anika blanketi lililolowa katikati. Nguzo zitainamiana. Meno ya mbele ni nguzo moja, magego ya nyuma ni nyingine, na gutiere ndiyo kamba: mvuto uko kwenye mataji, vitovu vya ukinzani viko chini kabisa, kwa hiyo ya mbele yanainama kurudi nyuma na magego yanainama kuja mbele. Magego hayo tuliyategemea yatulie kama nanga. Kila nguvu ina mwenzake wa kuipinga, na nanga iliyopigwa kwenye tope nayo inasafiri.

Lakini kamba kazi yake ni kuvuta tu, ilhali gutiere inavuta na pia inanepa. Hapo mfano wa nguzo unaniishia, nateremka ziwani. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, na wavu unaning'inia kwenye hiyo miti. Alfajiri, wavu ukivutwa, tazama ncha za miti: zinashuka kuelekea maji, na katikati panabaki juu. Gutiere inayovuka pengo la jino lililong'olewa ni mti wa namna hiyo. Pale pengoni ndani yake hamna jino, ni handaki tupu la plastiki, hakuna cha kuishikilia. Inapovutwa mbele na nyuma, ncha zake zinapinda, na meno yaliyoko kwenye ncha yanafuata. Ya mbele yanainama na kushuka, yanafunika yale ya chini kupita kiasi. Ya nyuma yanainamia pengo, na pembeni unakuta meno ya juu na ya chini hayagusani tena. Mgonjwa anasema nafasi imefungwa, na kweli imefungwa, ila hawezi kutafuna sombe, mboga ya majani ya muhogo, upande wa kushoto.

Sehemu ya kushuka huko haina kosa la plastiki, ni jiometri. Jino lililoelekea mbele, likizungushwa kurudi, ncha yake inachora duara na duara hilo linashuka. Bembea ikirudi katikati huwa iko chini kuliko ilipokuwa pembeni. Ninalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakiilaumu gutiere kwa kila kitu.

Mpwa wangu aliuliza kuhusu nguvu: "Ni kilo ngapi?" Si kilo. Kuliinamisha jino moja kunahitaji takriban gramu 35 hadi 60, yai moja la kuku wa kienyeji. Kulihamisha likiwa wima, gramu 70 hadi 120, mayai mawili. Kulididimiza ndani ya mfupa, kama ilivyo kwa mtu ambaye meno ya juu yamefunika ya chini, gramu 10 hadi 20 tu, robo ya yai na kidogo, kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye ncha ya mzizi, eneo dogo kama kichwa cha pini. Mkono wa kumshika kifaranga, basi, si wa kubeba gunia. Na tunataka mkono huo autoe ukanda wa plastiki ulionyonya mate na kulegea kwa siku kadhaa.

Madaktari hawajakaa wakitazama tu. Vile vinundu vidogo vya rangi ya jino ambavyo mpwa wangu amegandishiwa kwenye meno, na ambavyo alidhani ni saruji iliyobaki, ni vishikizo: plastiki inapata bega la kusukuma ambalo halitelezi. Kuna tuta dogo linalochongwa ndani ya gutiere karibu na ufizi, ili ule mkono mlegevu ufike kwanza. Kuna suala la mkato: ukingo uliofuata mawimbi ya ufizi ni mzuri kwa macho, lakini uliokatwa moja kwa moja, ukipita milimita mbili hivi juu ya ufizi, unashika vizuri zaidi na unanepa kidogo. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kliniki, ningeuliza hilo la mkato. Siku hizi zipo pia gutiere zinazochapishwa moja kwa moja bila sanamu, ambazo unene wake unaweza kupangwa sehemu kwa sehemu, na kwa jinsi nilivyoeleza habari ya ukingo utaona mara moja kwa nini zinasubiriwa kwa hamu.

Halafu kuna ujanja mkuu, wa kupanga uongo. Ukijua jino litainama kuliko unavyotaka, unaiambia kompyuta ulipinde upande wa pili, mzizi utangulie, meno ya mbele yadidimizwe kidogo hata kama hayahitaji. Picha ya mwisho kwenye skrini inaonekana ya ajabu, meno yamekaa vibaya makusudi. Daktari mzuri haogopi picha hiyo. Anajua plastiki itamla kiasi, na anaongeza kiasi hicho mapema, kama muuza kitambaa anayejua kitarudi kikifuliwa.

Ni kiasi gani huliwa? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulipima meno ya mbele 401, ukalinganisha yaliyopangwa na yaliyotokea. Kwa wastani, asilimia 41 tu ya mwendo uliopangwa ilipatikana. Kulivuta jino litoke nje ndiko kulikofanya vibaya zaidi, chini ya asilimia 30, na hilo halishangazi tena: kikombe kinachoteleza hakiwezi kuvuta. Mwaka 2020 kipimo kama hicho kilirudiwa, baada ya plastiki mpya na vinundu vipya, wastani ukawa asilimia 50. Maendeleo yapo. Lakini nusu ni nusu, na ile filamu fupi ya meno yanayojipanga kama askari, ambayo mgonjwa anaonyeshwa kabla ya kulipa, haina alama yoyote ya kuonyesha nusu. Mimi ningeifanya sheria iandikwe chini yake: huu ni mpango wa plastiki, si ahadi ya mfupa.

Wahandisi huyatazama haya yote kwa njia ya kuligawa jino, kano, mfupa na gutiere katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu ndani ya kompyuta, kila kipande kikiwa na ukaidi wake, kisha kuuliza kila kimoja kimepinda kiasi gani. Ni hesabu ileile ya madaraja. Michoro yake ya rangi ndiyo inayoonyesha wazi ukingo ukitanuka na gutiere ikinepa juu ya pengo. Ila hesabu nyingi za namna hii zinaona dakika ya kwanza tu, jino likitikisika ndani ya kano, kabla mfupa haujaanza kuliwa na kujengwa. Wiki mbili za seli hazimo humo.

Mtu ataniuliza kwa nini basi asifunge waya za chuma yaishe. Chuma cha pua kina ukaidi wa karibu mara 100 ya plastiki hii, na waya wa pembe nne ukikaa ndani ya mfereji wa pembe nne wa kile kipande kinachogandishwa kwenye jino unaushika mzizi kwa namna ambayo gutiere inaiota tu. Kwa meno yaliyong'olewa jirani na mizizi mirefu ya kuhamisha, mimi ningechagua chuma kwa mwanangu bila kufikiri mara mbili. Kwa meno yaliyobanana kidogo, yanayohitaji kuinamishwa huku na huku, gutiere inatosha sana, unaitoa ukila, unapiga mswaki vizuri, na mpwa wangu anacheka kwenye picha bila kuziba mdomo kwa kiganja. Kesi yake ni ya aina hiyo. Hakung'olewa jino.

Hata hivyo, siku ya kumi na nne ya namba tisa, nilimsimamisha dirishani nikamwambia afungue mdomo. Kwenye jino la pili kutoka katikati, upande wa kulia, kulikuwa na ufa wa mwanga, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Majirani zake wamekaa vizuri, lenyewe limebaki nyuma. Alipiga picha akamtumia daktari, na jibu likaja jioni: kumi isubiri, abaki na tisa wiki moja zaidi, na ang'ate kile kimpira alichopewa, dakika kumi asubuhi na kumi usiku, jino lile hasa. Sasa ameketi kibarazani anatafuna mpira, mvua inapiga bati, na maji yanatiririka kwenye ile gutiere nyingine.